Kona ya Uledi

Jumatatu asubuhi, Bi Kulthumu wa Rumonge alikuwa akikaanga mchanga. Alitumia kikaango kilekile cha karanga, akaukoroga kwa mwiko mpaka ukaacha kutoa mvuke. Mwanawe Uledi, mhunzi, aliusubiri. Bomba la chuma halikunjwi likiwa tupu, litabonyea. Hushindiliwa mchanga mkavu, likazibwa ncha zote mbili kwa vigingi, ndipo likatiwa motoni. Mchanga wenye unyevu hupasua bomba na uso wa mhunzi pamoja.

Mabomba aliyokuwa akikunja yalikuwa ya Wadachi, Wajerumani wa boma, nayo yalitoka pwani mabegani mwa watu. Mmoja wa wapagazi alikuwa Amuri, mdogo wake Uledi, ambaye hakurudi. Katika daftari la boma aliandikwa mtoro, na kazi ya mtoro hufanywa na mzazi wake. Kwa hiyo Bi Kulthumu, na mvi zake zote, alilima barabara siku mbili kila wiki, hata Ijumaa.

Bwana wa boma alitaka maji ya kijito yateremke kutoka kilimani mpaka bafuni kwake. Katikati palikuwa na mwamba, naye akaagiza kona kali ya kuuzunguka.

“Maji iko kama ng'ombe, Bwana,” Uledi alimwambia. “Ukiikatia njia gafla, itapiga pembe ukuta.”

Akaikunja pana, taratibu, kwa siku tatu. Haikuwa na bonyeo hata moja. Chema chajiuza: wahunzi walipita ziwani kwa mitumbwi kutoka Ujiji kuja kuipapasa, wakarudi kwao bila kusema kitu, na kwa wahunzi hiyo ndiyo sifa kubwa.

Maji yalipofunguliwa, yalipita penye bomba lililonyooka bila neno. Kwenye kona yakaanza kusukumana. Ya katikati yalikimbilia ukuta wa nje, ya pembeni yakarudi ndani, yakajisokota pande mbili kama kamba, yakawa yanakuja kwa mapigo. Kisha yakataja majina. Yaliwataja wapagazi waliokufa wakibeba mabomba yale, na mahali alipoanguka kila mmoja. Hamisi, Tabora, kwa homa. Asmani, mto Malagarasi. Wa thelathini na mmoja alikuwa Amuri, Mpwapwa, bomba likiwa begani.

Watu walileta mikeka wakasikiliza. Bi Kulthumu alilia mpaka akamaliza, kisha akamgeukia mwanawe.

“Ule muchanga ulikuwa mukavu?”

“Mukavu, mama. Wewe mwenyewe uliukaanga.”

“Basi hiyo kona inasema kweli.”

Amuri akasomewa hitima siku hiyohiyo. Wiki iliyofuata mama na mwana walikwenda bomani kuomba jina lake lifutwe kwenye orodha ya watoro. Bwana aliwapokea vizuri, akawapa viti.

“Nayasikia kila asubuhi nikinyoa ndevu,” alisema. “Sina shaka nayo. Lakini maji hayana muhuri.” Akafunga daftari. Kisha akaagiza kona ya pili, ya jikoni, isiyosema.

“Kona isiyosema ni kona mbovu, Bwana,” Uledi alijibu. “Mimi sijui kukunja mbovu.”

Jiko la boma likabaki bila maji.

Ijumaa, Bi Kulthumu alikuwa barabarani na jembe lake, chini ya ule mwamba. Mnyapara aliwahesabu watu, wakatimia. Maji yalipofika jina la thelathini na moja, mama alinyoosha mgongo, na wenzake wote wakanyoosha. Mnyapara alingoja, kwani Asmani wa mto Malagarasi alikuwa kaka yake.

Mwanamke mgeni, aliyeletwa kutoka Gatete siku ile, aliuliza bomba lile ni la nani.

“Iko yangu,” Bi Kulthumu alisema. “Mutoto wangu mumoja alilibeba, mwingine akalikunja.”

Akainama, akaendelea kulima sehemu ya mtoro.