Kidevu cha Nüssli Kilicholowa

Simbilisi wa mjukuu wangu, wale wanyama wadogo wa jamii ya panya, walikuwa wawili. Mmoja alikufa mwanzoni mwa Novemba, kwa uzee tu, na mwenzake, Nüssli, akabaki peke yake siku tatu. Huku kwetu Uswisi sheria hairuhusu kufuga simbilisi mmoja, maana ni mnyama wa kuishi na wenzake. Kwa hiyo Nüssli alipoanza kuacha chakula, sote tulisema ni upweke.

Flurina, mjukuu wangu, ana miaka tisa. Shuleni Ladina, mwanafunzi mwenzake, alimwambia kwamba simbilisi akifa kwa upweke, aliyemwua ni mwenye kumfuga. Mtoto akarudi nyumbani na neno hilo. Nilimweleza sivyo, hakunisikia. Asubuhi alikuwa hataki kwenda shule, ikabidi nimshike mkono mpaka getini, halafu nipande tena ngazi za orofa ya tatu na magoti yangu haya. Mama yake yuko kwenye zamu hospitalini, kwa hiyo mtoto na wanyama wote ni wangu. Nilikuwa nimechoka hata kuongea.

Jirani yangu Hedwig akatuazima dume aliyehasiwa, Baron. Alimleta mwenyewe kwenye kikapu, pamoja na mfuko wa nyasi kavu.

“Mpe wiki moja, Margrith. Mjane akipata wa kupiga naye soga, atakula.”

“Mimi ni mjane mwaka wa sita, sijaacha kula.”

“Ndiyo maana hatukutafutii dume,” akasema.

Kweli, nyasi zikaanza kupungua. Tukafurahi. Lakini kila nilipomweka Nüssli kwenye mizani ya jikoni, uzito ulishuka: gramu mia nane ishirini, mia saba tisini, mia saba hamsini na tano. Aliyekuwa anakula ni Baron.

Asubuhi moja niliketi nikamtazama tu. Aliposikia mfuko ukichakarika, alikimbilia sahani kabla ya Baron. Akachukua unyasi mmoja, akauzungusha mdomoni, akauangusha. Akachukua mwingine, akauangusha. Nikawaza, mwenye huzuni hakimbilii sahani hivi. Huyu anataka kula. Nami wakati huo nilikuwa nachovya ganda la mkate kwenye kahawa, kwa sababu ya gego langu la kushoto linaloniuma.

Niliweka kikombe chini nikamwinua. Kidevu kilikuwa kimelowa mate, manyoya yameshikana mpaka kifuani, na mdomo unanuka. Meno ya mbele nilishayaangalia wiki iliyopita. Yalikuwa yamenyooka, nami nikaridhika.

Mimi na Flurina tukampeleka kwa daktari wa wanyama, Caflisch, aliyetandika taulo lenye joto kabla ya kumpokea. Alimulika ndani kwa kijitaa, akatuonyesha. Magego ya chini yalikuwa yameota yakalalia ulimi kutoka pande zote mbili. Meno yao hayaachi kuota maisha yote, akasema, na yasiposagana vizuri hufika hapo. Itabidi amlaze kwa dawa ya usingizi ndipo ayapunguze, na kwa wembamba ule huenda mnyama asiamke.

Flurina akauliza, kwa sauti ndogo sana, “Ni kwa sababu nilimwacha peke yake?”

Daktari alizima kijitaa, akainama mpaka uso wake ukawa sawa na wa mtoto.

“Siku tatu haziwezi kuotesha gego hivi. Hili lilianza mwenzake akiwa hai.”

Nikasema basi kosa ni langu, mimi ndiye niliyekuwa namlisha.

“Bibi, wewe hata tundu la sindano huoni,” Flurina akasema, akanishika mkono.

Tulingoja saa mbili. Nüssli akaamka.

Siku zilizofuata tulimlisha uji wa nyasi kwa bomba lisilo na sindano, kila baada ya saa tatu, kidogo kidogo pembeni mwa mdomo. Hedwig alikuja bila kuitwa, akalichukua bomba mkononi mwangu, akaniambia nikanyooshe miguu. Siku ya nne Nüssli alivuta unyasi mwenyewe. Ukaingia, ukafupika, ukafupika, ukaisha. Flurina alimsogezea mwingine.

Daktari anamtaka tena baada ya wiki sita, na labda kila mara baada ya hapo. Sawa.

Jumatatu Flurina alishuka ngazi peke yake kwenda shule. Mimi nikajilaza kitandani kidogo, nikaamka saa sita mchana, viatu bado miguuni.