Vidonge Vinavyong'aa

Kiwandani kaka yangu walimwita Kioo, na mama alilipenda jina hilo kuliko lile alilompa mwenyewe. Kazi yake ilikuwa kung'arisha vidonge: anavitia kwenye pipa linalozunguka, ananyunyiza unga wa nta, anangoja vimeremete. Nta yenyewe si ya nyuki. Hukwanguliwa kwenye majani ya aina ya mtende. Ni ngumu, haina ladha, inazuia unyevu, na haiyeyuki hata ukiifumbata kutwa. Alitueleza hayo mpaka yakanitoka puani.

Mama alikuwa na presha. Kila akipewa kidonge alikiinua kwenye mwanga kwanza. "Huenda hiki kimepita mikononi mwa mwanangu," alisema, ndipo anakimeza. Miezi miwili presha haikushuka, nami nikamgombeza kwa sababu ya chumvi. Chumvi ya watu haikuwa na kosa.

Jumapili Kioo akaja kutusalimia. Akachukua kidonge kimoja koponi, akakikwangua kwa ukucha, akakisogeza dirishani. Uso ukamshuka. Akanivuta uani.

"Umenunua wapi hivi?"

"Duka la dawa, kama siku zote. Kwani vipi?"

"Nimevipaka mimi. Nta mara mbili. Vizima huwa napaka mara moja tu."

"Na hivi vina nini?"

"Vilirudishwa, dada. Vimepitwa na muda, vimepauka. Msimamizi akasema ving'arishwe virudi sokoni."

"Na wewe ukanyamaza."

Nilitamani kumzaba kibao, na mpaka leo mkono unaniwasha.

Ndani alishindwa kumwambia mama ukweli. "Dawa imebadilishwa, mama," alisema. "Kesho dada atakuletea nyingine." Nikamwaga vidonge vyote chooni. Nilidhani ni vyote.

Asubuhi mama hakuamka. Daktari alisema mshipa umepasuka kichwani.

"Hakuwa anatumia dawa?" akauliza.

"Alikuwa anatumia," nikasema. "Hakuruka hata siku moja."

Nilipomwosha, kiganja chake cha kulia kilikuwa kimefumba. Nikakikunjua kidole kimoja kimoja. Alikuwa amebakiza kidonge kimoja, kazi ya mwanawe, asitake kukitupa. Jasho la usiku kucha halikukifanya kitu, kilimeremeta vilevile.

Nikakipeleka kwa Kioo, nikamwekea mkononi.

"Shika," nikamwambia. "Hakiyeyuki."