Koti la Fei Ruolin

Katika mji wetu hakuna anayelijua Darasa la Vipaji la sekondari ya juu kuliko mimi. Nimepita mbele yake miaka na miaka, nje ya ukuta, nikiuza figili.

Asubuhi ya ukaguzi, Geng Xiaoman alikuwa ndani ya stoo ya mafagio, ghorofa ya chini, amevua koti lake na bado hajapewa la pili. Maji ya kudekia yalikuwa yamefanya utando wa barafu ndani ya ndoo. Alisimama amejikumbatia, anatazama vidole vyake vikibadilika rangi, kama anatazama vidole vya mtu mwingine.

Mlango ukafunguliwa. Fei Ruolin akaingia na kijiti cha peremende mdomoni, akavua koti lake la buluu, lile la Darasa la Vipaji, lenye jina lake lililotariziwa kifuani kwa uzi wa dhahabu.

"Shika. Mara ya nne hii, eh? Litakuzoea wewe mpaka linikatae mimi."

"Asante."

"Mara ile lilirudi linanuka bata."

"Mama ananyonyoa bata sokoni."

"Najua, dada, sisemi kwa ubaya. Bata mimi nampenda. Ila baba alinusa akaniuliza nimetoka wapi." Ruolin alihamisha peremende kwenye shavu la pili. "Ingekuwa amri yangu ningekupa na kiti chenyewe. Mimi sikitaki. Anayekitaka ni baba."

Akaenda zake kwenye chumba cha mipira, ambako wenzake tisa walikuwa wamekwisha kufichwa pamoja na kuku wa kukaanga, simu zao na hita, mpaka wageni waondoke; viti vyao vingekaliwa na hodari wa madarasa mengine.

Xiaoman alikuwa wa kwanza wilaya nzima mtihani wa kuingia sekondari ya juu. Jina lake lilitundikwa langoni kwenye kitambaa chekundu, mvua ikalinyeshea hadi rangi ikachuruzika ukutani. Majina ya Darasa la Vipaji yalipotoka, yeye hakuwemo. Mama yake alikwenda kuuliza. Akaambiwa kipaji hupimwa kwa mambo mengi, pamoja na mchango wa familia katika maendeleo ya shule. Mama akauliza kama kunyonyoa bata nako ni maendeleo. Akaambiwa asilete utani ofisini. Hakuwa analeta utani.

Basi Xiaoman akapelekwa Darasa la Kumi na Nne, ghorofa ya nne, wanafunzi sabini na feni moja. Mwalimu wa hesabu wa huko alimtazama wiki moja, kisha akaanza kumpa karatasi za wenzake asahihishe. "Wewe haya unayajua," alimwambia, "usinisumbue." Shindano la hesabu la mkoa, ambalo washindi wake vyuo vikuu huwachukua bila kungoja mtihani wa taifa, liliruhusiwa kwa Darasa la Vipaji tu.

Mwalimu Kou, msimamizi wa darasa hilo, alikuja stoo kumfunga vifungo vya shingoni mwenyewe.

"Anayejua jibu ananyoosha mkono, kiganja wazi. Asiyejua ananyoosha ngumi. Mikono yote juu. Sawa?"

"Sawa, Mwalimu."

"Swali la tatu ni lako. Unakwama kwanza. Unakuna kichwa. Halafu unagundua."

"Nikune mara ngapi?"

Kou alimwangalia kuona kama anatania. Uso wa msichana haukuwa na kitu.

"Mara mbili zinatosha. Na leo ukinifanyia vizuri, kesho unahamia. Kabisa. Kile kiti cha dirishani. Na shindano la mkoa nakuandikisha, kwa jina lako."

"Ulisema hivyo mara ya pili, Mwalimu. Na ya tatu."

"Wale walikuwa wageni wa wilaya. Huyu ni mkaguzi wa mkoa. Mwanangu, mimi nikikudanganya nitapata nini?"

Xiaoman alifikiria swali lile kwa makini, kama anavyofikiria maswali yote. Kisha akafunga kifungo cha mwisho.

Mkaguzi, Bwana Xie, alikuwa mnene, mchangamfu, na chupa yake ya chai kwapani. Akakaa nyuma. Somo likaenda kama saa iliyotiwa ufunguo. Mikono thelathini juu; Kou akachagua viganja. Kijana mmoja akakosea pale alipoagizwa kukosea. Xiaoman akakwama, akakuna mara mbili, akagundua. Wageni wakapiga makofi. Alisikia makofi kwa mbali, kama yanapigwa nyumba ya jirani.

Ndipo Bwana Xie akasimama.

"Na mimi nina langu dogo. Watu wamekutana chumbani, wengine wamepeana mikono, wengine hawakupeana. Nithibitishieni kwamba lazima wapo wawili waliopeana mikono na idadi sawa ya watu."

Hilo halikufanyiwa mazoezi. Mikono ikapanda kwa mazoea, ngumi tupu, chumba kizima kama kinataka kupigana. Kou akaanza kutokwa jasho juu ya mdomo. Kisha dirishani kikafunguka kiganja kimoja.

"Tuseme tuko thelathini," Xiaoman alisema. Sauti yake ilikuwa tofauti. Hata Kou aligeuka. "Mtu anaweza kuwa amepeana mikono na watu sifuri, au mmoja, au wawili, hadi ishirini na tisa. Hizo ni idadi thelathini. Lakini aliyempa mkono kila mtu na ambaye hakupewa mkono na yeyote hawawezi kuwa chumba kimoja. Mmoja wao akiwepo, mwingine hayupo. Kwa hiyo idadi zinazobaki ni ishirini na tisa, na sisi tuko thelathini. Lazima wawili walingane."

Hakukuna kichwa hata mara moja.

Bwana Xie akaja mpaka kwenye dawati lake, akiwa na furaha ya kweli usoni.

"Unaitwa nani, binti?"

Xiaoman alimwangalia Kou. Kou alikuwa anaangalia kifua cha koti.

"Fei Ruolin, mheshimiwa."

"Fei Ruolin." Furaha ilibaki pale usoni, ila ilikuwa imepoa. "Binti wa Bwana Fei, mkandarasi wa majengo? Lakini jana usiku binti wa Bwana Fei alinimiminia chai mezani kwao. Naona alikuwa mrefu kidogo kukuzidi."

"Viatu, mheshimiwa," Kou alisema. "Jana alivaa viatu virefu."

Bwana Xie alimtazama Kou. Akalitazama jina la dhahabu. Akafikiria, bila shaka, chai ile na meza ile. Kisha akacheka, akacheka mpaka tumbo likatikisika, na wageni wote wakacheka naye.

"Viatu! Haya. Mtoto wa namna hii aende shindano la mkoa. Andikeni jina hilohilo."

Jioni mama yake alilifua koti kwa mikono yenye malengelenge ya maji ya moto, akalisuuza kwa maganda ya machungwa kuua harufu ya bata, akalianika juu ya jiko la makaa. Lilipokauka alilinyoosha kwa kikombe cha bati kilichojaa maji yanayochemka.

"Ulijibu?" aliuliza.

"Nilijibu."

"Wakafurahi?"

"Walicheka."

"Kucheka ni kuzuri. Na kiti?"

"Kesho."

Mama alipitisha kikombe juu ya jina la mtoto wa watu, polepole, asije akaunguza uzi.

Asubuhi Xiaoman alipakia vitabu vyake vyote kwenye kreti ya plastiki. Darasa la Kumi na Nne likampigia meza.

"Profesa anahama!"

"Ukifika kwenye hita utukumbuke sisi tunaoganda."

"Nitawatumia joto," Xiaoman alisema, nao wakacheka zaidi, maana hawakujua kama anaweza kutania. Hajafika mlangoni, kijana aliyekuwa akikaa karibu na pipa la taka alikwisha kusukuma vitu vyake kwenye dawati la Xiaoman. Kila mtu angefanya hivyo.

Alishuka ngazi na kreti kifuani, koti limekunjwa juu ya vitabu. Mwalimu Kou alimkuta nje ya Darasa la Vipaji, akauvuta mlango nyuma yake, lakini haukufunga vizuri.

"Mwanangu, pole sana. Mheshimiwa aliudhika. Alijua wewe si Ruolin. Alisema mtu aliyedanganya jina lake mbele ya mkaguzi hafai kukaa darasa hili, wala kushindana popote. Nilikutetea, nakwambia, nilikutetea mpaka akapanda gari lake saa kumi akaenda zake bila hata kuniaga."

Kreti ilikuwa nzito na hapakuwa na mahali pa kuitua.

Mlango ukasukumwa. Ruolin alichungulia, shavu limejaa mkate wa mvuke.

"Aliondoka saa kumi wapi, Mwalimu? Si alikula kwetu tena jana usiku? Alisimulia hadithi ya viatu mpaka chai ikamtokea puani. Kadi yangu ya shindano alinipa palepale mezani, mimi hata sijui hesabu gani wanafanya huko." Akameza. "Na wewe ulikuwepo, Mwalimu. Ulikaa upande wa sahani ya bata."

Masikio ya Mwalimu Kou yalianza kuwa mekundu, kuanzia juu kwenda chini. Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya tai, akaivaa tena. Akamtazama Xiaoman, kisha akatazama kilichokuwa juu ya vitabu.

"Koti," aliuliza, "umelifua?"