Kamba ya Mwalimu Otmar

Tangu alfajiri Marcelino alikuwa uwanjani, akingoja. Wiki mbili nyuma, mwaka huo wa 1973, alikimbia mita elfu moja na mia tano kwenye uwanja huu huu wa Shinyanga akavunja rekodi ya taifa. Mtaa mzima wa Ngokolo ulimbeba juu juu. Sasa Mzee Thobias, ofisa wa riadha kutoka Dar es Salaam, alikuwa ameshuka kwenye treni na utepe wake wa chuma wa kupimia, kuja kuukagua uwanja. Akiridhika, Marcelino anakwenda kukimbia Ulaya.

Asubuhi ile ndipo kocha wake, Mwalimu Otmar, alipomvuta pembeni akamwaga ya moyoni. Uwanja aliuchora yeye, kwa kamba ya katani aliyoipima vizuri ikiwa kavu. Siku ya kupiga chokaa mvua ikanyesha, naye kwa uvivu tu akaendelea bila kuipima upya. Katani ikilowa hufupika. Kila mfunga ng'ombe Shinyanga anajua hilo, isipokuwa walimu, inaelekea. Otmar alimsihi anyamaze, maana kibarua chake kingeota nyasi.

Kumbe wala hakuwa na haja ya kuhangaika. Jua la saa sita lilimchosha Mzee Thobias. Alitazama mistari, akasema imenyooka, neno la mwalimu linamtosha, akaomba kalamu atie sahihi karatasi ya kuithibitisha rekodi. Otmar akashusha pumzi.

Marcelino hakushusha. Alijiona Ulaya, kengele ya mzunguko wa mwisho inalia, wenzake wako mbele kabisa, na yeye hajui kama miguu imemsaliti leo au haijawahi kuwa na mbio zile. Hofu hiyo ilimbana kuliko ya kuachwa nyumbani.

"Mzee, shikamoo tena," alisema. "Naomba upime."

Wakapima. Kila mzunguko ulipungua mita saba. Mzee Thobias aliikunja karatasi bila kutia sahihi, na Otmar akakaa chini palepale kwenye chokaa, mikono kichwani.

Mzee alimuuliza kijana, kwa upole, kwa nini hakunyamaza.

"Huko Ulaya uwanja hakuupima mwalimu wangu," Marcelino alijibu. Kisha akamwomba awaachie utepe ule wachore uwanja upya, naye mzee ampime mbio kwa saa yake kabla ya treni ya jioni.