Hodi ya Tatu kwenye Mlango wa Pili

Usiku wa jana niliota akaunti yangu ya mtandaoni ni nyumba ya matofali ya kuchoma kule kwetu Ujiji, ina bati jipya na mlango mmoja, na mimi mwenye nyumba nimesimama nje nimeshika kandambili mkononi.

Kwanza niseme mambo ya mchana, asije mtu akadhani nilikula vibaya. Jana baada ya Alasiri alikuja wifi yangu, Riziki, mdogo wake marehemu mume wangu. Mume wangu alikuwa Yasini, dereva wa lori, Kigoma na Tabora, na kila aliposimama njiani alinitumia ujumbe wa sauti. Huu ni mwaka wa pili tangu afariki. Zimebaki sauti arobaini na moja. Hazimo kwenye simu, maana simu ile ilitumbukia kwenye sufuria la mawese. Zimo kwenye akaunti, huko zinakohifadhiwa, na nikitaka kumsikia naingia kwa neno la siri.

"Wifi," Riziki akaniambia, "mtu akilijua neno lako anaingia, anafuta anachotaka, anakaa humo kama kwake. Ngoja tuweke ulinzi wa hatua mbili."

Akabonyeza, akabonyeza. Akasema kuanzia leo neno la siri peke yake halitoshi. Kila mtu akitaka kuingia, zitakuja namba sita kwenye simu yangu, na asiye na namba hizo haingii.

"Na usimsomee mtu hizo namba. Hata mimi nikikupigia nalia, usinisomee."

"Hata wewe?"

"Hata mimi. Tena nikilia sana ndiyo kabisa, ukate simu."

Nilicheka, lakini moyo haukutulia. Nikasali Isha, nikavuta uradi, nikalala kwa ubavu wa kulia. Ndipo nikaiona nyumba.

Barazani amekaa mzee mwembamba, anakohoa. Namuuliza yeye ni nani.

"Mimi ni neno lako la siri, mama. Yasini-moja-mbili-tatu."

"Usilitaje kwa sauti!"

"Nisilitaje kwa nani? Mtaa mzima unanijua."

Akapita muuza sambusa. "Shikamoo, Yasini-moja-mbili-tatu." Mzee akaitikia marahaba. Akapita mbuzi. Mbuzi naye akamwamkia, kwa jina lote.

"Halafu unanionea," mzee akaendelea. "Nyumba hii nailinda mimi. Ile ya picha, mimi. Ya kikundi cha maulidi, mimi. Ile uliyofungua ukaisahau, mimi. Nyumba nne, mlinzi mmoja. Mwizi akinikamata kwenye moja, zote amezipata."

Akainuka, akakimbilia nyumba ya pili, akarudi anahema, akaketi, akainuka tena. Nilimpa maji. Aliyanywa akiwa mbioni, na nusu yakamwagikia shati.

Mlango ukaniita. "Mama Shadya, mimi sifunguki tena kwa huyu mzee peke yake. Nitafutie mlinzi wa pili."

"Nitampata wapi?"

"Ofisini."

Nikageuka ili niulize ofisi iko wapi, nikajikuta nimo ndani yake.

Ofisi ni shuka lililoanikwa, kuta zinapepea. Nyuma ya meza limekaa birika langu la kutawadhia, lile la plastiki ya kijani, limevaa miwani. Nikaona haya, maana birika lile linanijua sana.

"Unajua nini?" likaniuliza.

"Nimesoma mpaka darasa la saba. Juzuu Amma naijua yote kwa moyo."

"Unachokijua wewe, mwingine naye anaweza kukijua. Una nini?"

"Mimi ni mjane tu, sina kitu."

"Usinipotezee muda. Umeshika nini?"

Nikatazama mkono. Zile kandambili zimekuwa simu.

"Labeka," simu ikasema.

Birika likaiuliza, "Wewe ni ya mama huyu?"

"Ni yake," simu ikajibu, "lakini ananiazimisha. Juzi pale bombani alimpa mtu asiyemjua ampigie shangazi yake. Nikakaa robo saa kwenye kiganja kigeni, sina hata stara."

Birika likanitazama kwa juu ya miwani. Nikaiomba simu yangu mwenyewe radhi. Ikasema imeshasamehe, kwa sauti ya mtu ambaye hajasamehe.

Birika likainama, likapiga muhuri kwa mdomo, maji yakanitonea miguuni. "Tumekubali. Mzee atakuwa mlango wa kwanza. Mlango wa pili watakuja watu sita kwa pamoja, kupitia kwenye simu yako. Wanaishi nusu dakika."

"Nusu dakika? Halafu?"

"Halafu wanakwenda kwa Mola wao, na wanakuja wengine."

Likanisukumia pia karatasi yenye namba kumi za akiba, za siku simu itakapopotea. "Usiziweke kwenye simu. Ziweke mahali wageni hawafiki."

Nikazitia chini ya godoro. Godoro likaguna. "Nimejaa, mama. Kuna cheti cha kifo, kuna hati ya kiwanja, kuna picha ya harusi, kuna barua ya mtu wa Kasulu ya mwaka themanini na tisa."

"Sogea kidogo."

"Ya mtu wa Kasulu itoke basi."

Haikutoka. Godoro lilisogea.

Nikainua kichwa na sasa tuko Uvinza, kwenye chumvi. Jua kali, ardhi nyeupe mpaka macho yanauma, na nyumba yangu imesimama katikati. Wanakuja wanawake sita, wamejitanda vizuri, kila mmoja ana namba kifuani. Saba, mbili, mbili, sifuri, nne, tisa. Wale mbili na mbili ni pacha na wamenuniana.

"Asalamu alaykum," nikawaambia.

"Waalaykumu salamu, mama."

"Hamjambo?"

"Hatujambo, sijui wewe."

"Mimi mzima, alhamdulillahi. Habari za mtokako?"

"Njema."

"Na watoto hawaj..."

Wakaisha. Wote sita, kama mvuke wa chai. Nikasema Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun, nikabaki nimenyoosha mkono.

Wakaja wengine sita. Safari hii nikajiambia nitafupisha. Lakini mmoja wao, tano, ni mtu mzima wa kunizaa, nitampitaje bila shikamoo? Nikampa shikamoo. Akaitikia taratibu, kama wanavyoitikia watu wa umri ule, akaanza kuniuliza nimeamkaje. Kabla sijamjibu, hayupo.

"Mama Shadya," mlango ukasema, "hawa si wageni. Ni namba. Wachukue uwalete."

"Bila kuwaamkia?"

"Bila kuwaamkia."

"Mimi sikulelewa hivyo."

"Basi utashinda nje, na malezi yako."

Walipokuja wa tatu sikusema neno. Niliwakamata mikono, watatu huku, watatu huku, nikawakokota kwenye chumvi kama mtu aliyewashika wezi. Sifuri ni mnene na alikuwa mzito. Sikuwatazama usoni kwa aibu. Nikawasukumia mlangoni na mlango ukafunguka.

Ndani ni baridi. Sauti za Yasini zimekaa kwenye mkeka, zimejipanga ukutani kama wanaume wanaosubiri hotuba ya Ijumaa. Zote arobaini na moja. Kila moja inasema lake.

"Nimefika Uvinza, chumvi nimenunua."

"Tairi limepasuka, usinisubiri kula."

"Mvua huku."

"Mama Shadya, lile shati la bluu umeliweka wapi?"

Nikakaa katikati yao, miguu nimeikunja. Kwa mara ya kwanza tangu mchana nikavuta pumzi yote.

"Hodi."

Simu ikatetemeka. "Labeka. Wamekuja sita." Na kweli, wanawake sita wamekwishakaa mapajani mwangu, wananitazama.

Nje mzee anakohoa. "Mama, huyu amelitaja neno, tena sawasawa. Mimi nimemruhusu. Kazi yangu imeishia hapa."

"Mama Shadya, ni mimi," ikasema sauti ya nje. "Nimefika. Nisomee hizo namba sita niingie."

Ni sauti ya Yasini. Ile yenye mkwaruzo kidogo mwishoni, ya mtu aliyekula vumbi la barabara siku nzima. Sauti zote za mkekani zikanyamaza, zikageukia mlango.

"Umetoka wapi?" nikauliza.

"Uvinza. Chumvi nimenunua."

Nikaigeukia ile sauti iliyo karibu nami. "Ni yeye?"

"Mvua huku," ikajibu. Maskini, haijui lingine.

"Unatusoma au tufe?" akauliza sifuri, bila chuki.

Sikujibu, na wakafa. Nikawaombea.

"Hodi." Wakaja sita wengine, wakaketi palepale penye joto la wenzao. "Mama Shadya, kunanyesha huku nje. Namba sita tu, mke wangu. Ni nini kwako?"

Nikasikia kweli mvua ya chumvi inapiga bati. Mkono wangu uko kwenye komeo, na sikumbuki nilisimama saa ngapi. Nikifungua mdomo nikazisoma, namwona. Nikizisoma na si yeye, mtu huyo atazitoa sauti hizi nje moja moja, na mimi sina nyingine. Yasini harudii kusema.

Ikaanza kulia. Kwanza polepole, halafu kwa kwikwi.

Nikaegemeza paji la uso kwenye mbao. "Kama ni wewe," nikasema, "unajua hakuna nilichowahi kukunyima. Lakini namba hizi sizisomi kwa mtu. Hata kwako."

Wale sita wakaisha mapajani, ingawa nilikuwa nimesimama.

"Hodi." Ya tatu ilikuwa ya chini kabisa, kama mtu anayeongea na ubao. Wanawake wakaja. Sikusema kitu. Wakaondoka.

Kikafuata kimya.

Hapo ndipo nilipoogopa. Hodi tulivyofundishwa ni mara tatu, usipoitikiwa, unarudi. Yasini alishika hilo hata kwenye nyumba aliyoijenga mwenyewe. Akinikuta nasali, hupiga tatu, kisha hugeuka akakaa kwenye lori mpaka nimalize. Miaka ishirini na sita, hakupiga ya nne hata siku moja. Nilimcheka kwa hilo, nikamwambia mume wangu nyumba ni yako, akasema, "Nyumba yangu, sala yako."

Na huyu wa nje amepiga tatu, amenyamaza.

Nimemfukuza mume wangu.

Nikavuta komeo, nikatoka mbio. Nje hakuna mtu. Chumvi imelala, nyeupe, haina alama ya mguu wala ya tairi. Mzee amekaa barazani.

"Amekwenda wapi?"

"Sijui, mama. Mimi najua neno tu."

"Alikuwa nani?"

"Nimekwambia, najua neno tu."

Nikaanza kuita. Naita Yasini, na kila nikiita mdomo unajaa chumvi, na nyumba inarudi nyuma, na zile sauti arobaini na moja zinaniita kutoka ndani kuhusu shati la bluu.

Nikaamka. Machozi yameingia masikioni. Muadhini alikuwa anaadhini Alfajiri, na mimi bado sijui niitikie adhana au niendelee kuita.

Simu ilikuwa inawaka juu ya stuli. Nikaichukua. Kulikuwa na ujumbe, wa akaunti yangu, namba sita, na chini yake maneno: mtu anajaribu kuingia, kama si wewe, usimpe mtu yeyote namba hizi. Ujumbe huo ulikuja saa kumi na moja na dakika thelathini na nane. Chini yake mwingine, wa thelathini na tisa. Chini yake mwingine, wa arobaini kamili.

Tatu.

Nikahesabu tena kwa kidole. Tatu, na baada ya hapo hakuna. Nikakaa ukingoni mwa kitanda, miguu sakafuni, nikiitazama kama mtu aliyepewa barua na hataki kuifungua. Ikawa dakika ya arobaini na moja. Ikawa ya arobaini na mbili. Muadhini akamaliza. Ya arobaini na tatu.

Simu ikatetemeka kiganjani mwangu.

Ya nne.

"Alhamdulillahi," nikasema. "Si yeye."

Sikuzisoma namba zake kwa sauti, hata peke yangu. Nikailaza simu kifudifudi, nikaenda kutawadha.