Mkono Juu ya Jiwe la Kufulia

Pwa! Pwa! Pwa! Aliyepita kichochoroni Malindi aliusikia mlio wa nguo zikipigwa jiweni kabla hajamuona mfuaji. Halafu mlio ukakatika.

Uani, Mwanakheir alikuwa ameinama juu ya jiwe la kufulia. Utando mweupe wa sabuni, mwembamba kama unaokaa juu ya maziwa yaliyochemka, ulijikusanya ukawa kiganja cha mkono. Kidole cha shahada hakikuwa na ncha.

"Mumeo huyo," alisema jirani yake Mashavu, akikamua kanga. "Na leo pia kaja mkono mtupu."

Msabah, mumewe, alikuwa mkorogaji katika kiwanda cha sabuni. Siku aliyokosa kurudi nyumbani, kiwanda kilisema katoroka kazi, kaenda bara. Bila ya shahidi wa kifo, imamu hawezi kumsalia, wala Mwanakheir hawezi kukaa eda. Hakuwa mke, hakuwa mjane.

Akamwita msimamizi wa kiwanda, Bwana Mmanga. Akaja, akachutama.

"Wake," alisema. "Hicho kidole kilikatika mbele ya macho yangu."

"Basi kaseme msikitini kuwa kaanguka kwenye pipa la kuchemshia."

"Mkono upo hapa, Bi Mwanakheir. Mwenyewe kasafiri."

Msimamizi akainua ndoo ya maji ya mvua, akamimina. Utando ukalegea, vidole vikaanza kuteleza kuelekea mchirizini. Mwanakheir akakimbilia kisimani. Kila mfuaji wa mtaa ule alijua kuwa kisima chao kina chumvi na chokaa, na utando wa sabuni ukikutana na maji yake hung'ang'ania jiwe. Akateka, akamwagia. Vidole vikasimama. Akateka tena, akamwagia tena, mpaka kiganja kikakaza na mistari yake yote ikaonekana.

Bwana Mmanga akajipangusa kanzu, akaaga kwa adabu, akarudi kazini. Jioni ile sabuni ya kiwanda iliuzwa kama kawaida. Mashavu alinunua mche mmoja, kwa sababu povu lake lilikuwa zuri.

Mwanakheir akaweka kiganja chake juu ya kile cha utando.

"Msabah," alisema kwa sauti iliyofika hadi kichochoroni, "kila asubuhi ntakumwagia maji ya kisima. Kila Ijumaa ntaleta watu wakuone, mpaka msikiti mzima usimame ukusalie. Wallahi, sikuachi uende na mchirizi."