Nyakerario Achomoa Diski

Ijumaa ile mchana, Nyakerario, fundi wa mitambo, aliomba jambo ambalo Mwalimu Ogeto hakulitarajia hata kidogo. Aliomba ruhusa ya kuzima seva, yaani kompyuta kuu ya redio, kuchomoa diski moja kati ya mbili zilizokuwamo, kisha kuiwasha tena aone kama itaamka.

Redio yenyewe ilikuwa haijazaliwa bado. Ilikuwa vyumba viwili juu ya duka la mbolea pale Magwagwa, na ilitazamiwa kuingia hewani Jumapili mchana. Mwalimu Ogeto, aliyestaafu ualimu lakini akashindwa kukaa nyumbani, ndiye aliyekuwa mkuu wake. Mtangazaji alikuwa Jacinta, ambaye kwa miezi mingi alizunguka vijijini akirekodi wazee wakisimulia na kuimba kwa Ekegusii, lugha ya Wakisii. Rekodi zote hizo zilikaa ndani ya seva ambayo Nyakerario aliiunda kwa mikono yake nyumbani kwao Kiogoro. Kila kitu kiliandikwa kwenye diski zote mbili kwa pamoja, ili moja ikifa, nyingine ibebe kazi.

Mwalimu akauliza itakuwaje hiyo iliyobaki ikikataa.

"Afadhali ikatae leo tukiwa hapa, Mwalimu," Nyakerario akamjibu, "kuliko ikatae siku watu wote wanasikiliza."

Mwalimu akakubali shingo upande. Yeye na Nyakerario walikuwa Wasabato, na jua likishazama wasingegusa kazi mpaka Jumamosi jioni. Alasiri ilikuwa yao, basi.

Nyakerario akazima seva, akafungua kifuniko, akachomoa diski ya kwanza, akabonyeza kitufe. Feni zikavuma. Skrini ikabaki nyeusi, kistari cheupe kikipepesa kwenye kona. Halafu yakatokea maneno kwamba hakuna diski ya kuwashia mashine.

Mwalimu akaketi juu ya kreti ya soda. Jacinta akauliza kwa sauti ndogo kama rekodi zake zimepotea. Alisema kwamba Nyanya Esnah wa Nyakoe, mmoja wa wazee aliowarekodi, alikuwa ameshatangazia soko zima kwamba Jumapili ataimba redioni.

Nyakerario akayasoma tena maneno yale ya kwenye skrini. Mara akaelewa kilichotokea, akatabasamu. Akawaeleza kwamba sauti zote zimo, salama kabisa. Kilichokosekana ni bootloader, ile programu ndogo inayokaa mwanzoni kabisa mwa diski, inayoiamsha mashine na kuionyesha mfumo wake ulipo. Diski zilinakiliana mafaili, lakini sehemu ile ya mwanzo hazikunakiliana. Siku ya kuunda seva, bootloader iliwekwa kwenye diski ya kwanza pekee, na yeye hakuwahi kujua mpaka leo.

Mwalimu akamwambia airudishe hiyo diski mahali pake na wafunge ofisi. Nyakerario akairudisha. Seva ikaamka kana kwamba hakuna kilichotokea, na Mwalimu akashusha pumzi, akanyoosha mkono kuchukua koti lake.

"Sasa tumeujua ugonjwa," Nyakerario akasema. "Nipe nafasi niutibu."

Jacinta alimtazama Mwalimu. Mwalimu akaliacha koti.

Nyakerario akaandika amri ya kuweka bootloader kwenye diski ya pili. Mashine ikakataa. Ilisema hakuna mahali pa kuiweka, kwa sababu diski nzima ilikuwa imegawiwa rekodi. Kuzisogeza rekodi ili kupata nafasi kulikuwa hatari, na mvua ilikuwa imeanza kupiga mabati, mawingu yameficha jua hivi kwamba hata saa haikukadirika kwa macho.

Akaufungua mpangilio wa diski, akaupitia tarakimu baada ya tarakimu, mwanzo hadi mwisho, kisha akarudi mwanzo. Hapo akaiona njia. Rekodi hazikuanzia mwanzo kabisa. Kabla yake kulikuwa na upenyo mdogo ulioachwa wazi, usiotosha hata kipande cha wimbo, lakini kwa bootloader ulikuwa uwanja mzima. Nyakerario akacheka peke yake. Akautenga upenyo ule kuwa sehemu ya diski, akaipa kazi ya kubeba bootloader, akairudia amri. Mashine ikajibu kwamba imemaliza, bila kosa lolote.

Akazima tena, akachomoa ile diski ya kwanza, akamwambia Jacinta abonyeze kitufe.

Maandishi yakaanza kukimbia kwenye skrini. Seva ikalalamika kwamba diski moja haipo, halafu ikaendelea na safari yake. Jacinta hakungoja kuambiwa. Akafungua rekodi ya kwanza iliyomjia mkononi, na sauti kavu ya Nyanya Esnah ikakijaza chumba, ikishindana na mvua. Jacinta akamkumbatia Nyakerario, na wote wawili wakaanza kurukaruka.

Mwalimu Ogeto aliinuka kwenye kreti. "Hii nyingine," akasema, akiielekezea kidole diski iliyobaki, "naweza kuichomoa mimi?"

Nyakerario akamzuia haraka. Alimweleza kwamba diski iliyotolewa imeachwa nyuma, na lazima kwanza inakili upya kila kitu mpaka zilingane. Akairudisha, akaanzisha kazi hiyo, na asilimia zikaanza kupanda polepole. Wakaiacha mashine ikijifanyia kazi, wao wakaenda kuipokea Sabato.

Jumapili asubuhi, Nyakerario alimkuta Mwalimu amefika kabla yake, amevaa suti, bisibisi mkononi. Diski zilikuwa zimelingana. Mwalimu akazima seva, akaichomoa ile ya pili kwa uangalifu mkubwa, akabonyeza kitufe, akasimama wima kama anasikiliza wimbo wa taifa. Seva ikaamka. Akaomba aizime na kuiwasha tena, aone tu. Ikaamka tena. Kisha wakairudisha diski mahali pake, zianze kulingana upya huku matangazo yakiendelea.

Mchana ulipofika, Jacinta alifungua kipaza sauti akawaamkia watu wa Nyamira na Kisii. Nyakerario alitoka akasimama kwenye ngazi. Sauti ileile ilikuwa ikitoka kwa kinyozi, kwenye bucha na duka la mbolea pale chini, na mwanamke aliyekuwa akipita na mkungu wa ndizi kichwani alikuwa amesimama katikati ya njia, anasikiliza.